Sawa kwa Herufi, Sawa kwa Mtu: Somo la Kulinganisha Majina katika Java



Wahariri wameniomba niandike somo moja la kompyuta kwa ajili ya wale walioanza mwaka wa kwanza. Nimechagua jambo ambalo kitabu cha Java hulipitia kwa nusu ukurasa: jinsi ya kuuliza kama maandishi mawili yako sawa. Nimelichagua kwa sababu kosa langu katika jambo hili lilimnyima mtu futari.

Kilichotokea mlangoni

Ramadhani iliyopita jumuiya yetu hapa Bujumbura ilikuwa ikifuturisha wanafunzi wanaokaa mbali na wazazi wao. Chakula kilipikwa kwa hesabu, kwa hiyo kila aliyetaka alijiandikisha mapema, na majina yakakaa kwenye daftari la katibu. Mimi nikajitolea kuandika programu: mtu anafika, naandika jina lake, mashine inajibu "Yumo" au "Hayumo". Usiku nilijaribu mara nyingi, na kila mara ikajibu vizuri. Nikampigia amiri simu, nikamwambia daftari halihitajiki tena.

Jioni ya kwanza, zimebaki dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi, wa kwanza kwenye mstari alikuwa ukhti mmoja aliyetoka moja kwa moja maabara. Nikaandika jina lake. Hayumo. Nikaandika tena. Hayumo. Akasema kwa upole, "Kaka, nilijiandikisha kwa mkono wangu." Nikamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Akaangalia, akasema, "Haya, hakuna neno," akaenda zake. Wa pili, Hayumo. Wa tatu alikuwa katibu, mwenye daftari lenyewe. Naye Hayumo.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta na kuomba daftari. Jina la yule dada lilikuwa la tatu kwenye ukurasa wa kwanza. Tulimpigia, simu ilikuwa imezimwa.

Kesho yake nilimwendea pamoja na dada mmoja wa uongozi kumwomba radhi. Alisamehe, Allah amlipe. Lakini alisema neno ambalo sijalisahau: alidhani tumemfuta kwa sababu hajalipa ada ya uanachama, akafuturu kwa maji chumbani kwake huku akijiuliza kama arudi tena kwenye shughuli zetu.

Kosa lote lilikuwa kwenye mstari huu mmoja:

    if (orodha[i] == jina)

Maswali mawili tofauti

Katika Java, namba ya kawaida ya aina ya int hukaa ndani ya kigeu chenyewe. Ukiandika int x = 5, tano iko mle ndani. Kwa hiyo x == y kwa namba za int huuliza unachotaka kuuliza: je, thamani hizi mbili ni moja?

Maandishi, yaani String (nitaita stringi), hayako hivyo. Stringi ni kitu kinachokaa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kigeu hubeba anwani tu ya mahali hapo. Ukiweka alama mbili za usawa kati ya stringi mbili, Java hailinganishi herufi. Inalinganisha anwani. Inauliza: je, hizi ni kitu kimoja kilekile, mahali palepale?

Chukua mfano wa misahafu miwili, mmoja uko msikitini Buyenzi na mwingine uko chumbani kwako. Ukiuliza, "Je, maandishi yake ni sawa?" jibu ni ndiyo, herufi kwa herufi. Ukiuliza, "Je, ni nakala moja?" jibu ni hapana, maana huu ukiwa mkononi mwako ule mwingine bado uko kwenye rafu ya msikiti. Alama == huuliza swali la pili. Methodi ya equals huuliza la kwanza.

Jioni ile mimi nilitaka kujua kama jina lililosemwa mlangoni lina herufi zilezile za jina la orodhani. Nikaiuliza mashine kama ni nakala moja. Mashine ikajibu ukweli mtupu wa swali nililouliza, na mimi nikamfukuza mtu kwa jibu hilo.

Mstari ulitakiwa kuwa hivi:

    if (orodha[i].equals(jina))

Kwa nini majaribio yangu yalinidanganya

Wengi huuliza: kama == ni kosa, kwa nini usiku ule ilijibu vizuri? Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa sababu kosa hili hujificha wakati wa kujaribu na kutokea siku ya kazi. Angalia:

    String a = "Khadija";
    String b = "Khadija";
    System.out.println(a == b);   // true

Maandishi unayoyaandika mwenyewe ndani ya alama za nukuu, Java huyaweka kwenye ghala maalumu la stringi. Ikikutana na "Khadija" mara ya pili haitengenezi nakala nyingine, inatoa anwani ya ile ya kwanza. Hilo halina hatari, kwa kuwa stringi ya Java ikishatengenezwa haibadiliki. Basi a na b ni kama wanafunzi wawili wanaonyooshea kidole msahafu mmoja ulio kwenye rafu. Ni nakala moja kweli, na == inajibu true.

Usiku ule majina yote ya majaribio nilikuwa nimeyaandika hivyo, ndani ya programu. Jioni nikabadilisha, jina lisomwe kutoka kibodi:

    Scanner msomaji = new Scanner(System.in);
    String orodhani = "Khadija";
    String mlangoni = msomaji.nextLine(); // andika Khadija
    System.out.println(orodhani == mlangoni);        // false
    System.out.println(orodhani.equals(mlangoni));   // true

Kinachosomwa kutoka kibodi, kutoka faili au kutoka mtandao hutengenezwa wakati programu inaendelea, na hupewa mahali pake kipya. Herufi ni zilezile, nakala ni nyingine.

Ndiyo maana nasema: usijaribu programu yako kwa data uliyoipika mwenyewe. Ijaribu kwa njia ileile itakayotumika siku ya kazi. Kama watu watalisoma jina na wewe utaliandika kwa kibodi, basi jaribu kwa kibodi.

Waliotangulia kujifunza Python, JavaScript au C# wawe waangalifu zaidi. Huko ukilinganisha stringi mbili za kawaida kwa ==, unapata jibu la herufi. Mkono ukizoea, unaihamishia tabia hiyo kwenye Java bila kufikiri, na kompaila haitakuonya, kwa sababu mstari wenyewe si makosa ya sarufi ya lugha.

Kutumia equals bila kuanguka

Kuna mambo manne madogo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kuyashika.

La kwanza: equals ni methodi ya kitu, kwa hiyo lazima kitu kiwepo. Kama kigeu jina kina null, yaani hakina anwani yoyote, jina.equals("Issa") itasimamisha programu kwa kosa la NullPointerException. Dawa nyepesi ni kuanza na upande unaojua kuwa upo:

    if ("Issa".equals(jina))

Hapa jina likiwa null jibu ni false tu na kazi inaendelea. Kama pande zote mbili zinaweza kuwa null, tumia Objects.equals(a, b), iliyokuja na Java 7.

La pili: swali la kuwepo kwa null lenyewe huulizwa kwa ==, yaani if (jina == null). Hapa == iko mahali pake, maana kweli unauliza habari ya anwani. Usitoke kwenye somo hili ukidhani == ni haramu. Namba za int, herufi moja ya aina ya char na thamani za boolean zote hulinganishwa kwa ==.

La tatu: kukanusha huandikwa kwa alama ya mshangao mbele, if (!a.equals(b)). Wanaoandika a != b wamerudi kwenye kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

La nne: kama unataka kujua lipi hutangulia kwa mpangilio wa herufi, equals haitoshi. Tumia a.compareTo(b). Hurudisha sifuri zikiwa sawa, namba hasi a ikitangulia, na namba chanya a ikifuata. Hiyo ndiyo ya kupangia orodha.

Herufi zinazojificha

Siku ya pili nilikuja na equals na moyo umetulia. Watu wengi walipita. Wachache bado waliambiwa Hayumo, ila safari hii daftari lilikuwa mezani na hakuna aliyerudishwa. Usiku nilikaa na yale majina moja moja, nikakuta sababu nne.

Sababu ya kwanza ni herufi kubwa na ndogo. "Hassan" na "hassan" kwa equals si sawa. Iko methodi ya equalsIgnoreCase inayopuuza tofauti hiyo.

Sababu ya pili ni nafasi tupu. Aliyechapa orodha aliacha nafasi baada ya jina, na "Zainabu " yenye nafasi si "Zainabu". Methodi ya trim huondoa nafasi za mwanzo na mwisho. Lakini kumbuka tulichosema, stringi haibadiliki. Ukiandika jina.trim(), peke yake hujafanya kitu, kwa sababu trim hutoa stringi mpya na wewe umeitupa. Andika jina = jina.trim(), ndipo ubaki nayo. Jihadhari pia na majina yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao au hati za ofisini. Humo mna nafasi ya namna nyingine, ile inayozuia mstari usikatike, ambayo kwa macho ni nafasi kama zote lakini trim haiigusi. Lazima uibadilishe mwenyewe.

Sababu ya tatu ilinichukua saa mbili. Sisi huku tunasoma kwa Kifaransa, tunaandika Java kwa maneno ya Kiingereza na kubishana kwa Kiswahili, na dada zetu wengi huandikwa Aïcha, i yenye nukta mbili juu. Orodha ilikuwa na Aïcha, mlangoni niliandika Aïcha, na equals ikasema false. Nilipochapisha urefu wa kila moja kwa length(), moja ilikuwa na 5 na nyingine 6. Kumbe katika mfumo wa Unicode herufi hiyo inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama alama moja kamili, au kama i ya kawaida ikifuatiwa na alama ya nukta mbili inayokaa juu yake. Kwa jicho ni jina moja. Kwa equals ni mawili. Java ina klasi iitwayo Normalizer ya kuyarudisha yote kwenye umbo moja.

Sababu ya nne ilikuwa ya Scanner. Nilikuwa nimeongeza swali la namba ya meza kwa nextInt, kisha jina kwa nextLine. Methodi ya nextInt huchukua namba tu na kuiacha ile alama ya Enter iliyobonyezwa. nextLine inayofuata inaikuta, inadhani mstari umekwisha, na kurudisha stringi tupu. Nimejifunza kusoma kila kitu kwa nextLine, kisha kugeuza namba kwa Integer.parseInt.

Mwishowe nikaandika methodi moja ya kusafisha, na nikaipitisha kwenye pande zote mbili, jina la orodhani na la mlangoni:

    static String safisha(String s) {
        if (s == null) return "";
        s = s.replace('\u00A0', ' ');
        s = Normalizer.normalize(s, Normalizer.Form.NFC);
        s = s.trim().replaceAll("\\s+", " ");
        return s.toLowerCase(Locale.ROOT);
    }

Juu ya faili weka import java.text.Normalizer; na import java.util.Locale;. Kisha linganisha hivi:

    if (!jina.isEmpty() && safisha(orodha[i]).equals(safisha(jina)))

Mbona nimeweka isEmpty? Kwa sababu orodha ikiwa na mstari mtupu hata mmoja, atakayebonyeza Enter bila kuandika kitu ataambiwa Yumo. Na kama ataandika nafasi tupu tu? Hapo ulinzi wangu unavuja. Kurekebisha hilo nimekuachia kwenye mazoezi.

Jina moja, watu wawili

Nilidhani nimemaliza. Siku iliyofuata akaja kaka mmoja, nikaandika jina lake, mashine ikasema: ameshachukua chakula. Akaapa kwamba ndio kwanza anafika. Nilikuwa nimeshapata funzo, nikampisha kwanza, nikachunguza baadaye. Walikuwa wawili, mmoja wa uchumi na mwingine wa kilimo, majina yao yote mawili yakifanana herufi kwa herufi.

Safari hii equals haikukosea. Herufi zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyedhani kwamba herufi zikiwa sawa basi mtu ni mmoja.

Wanazuoni wetu walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta kwa karne nyingi. Katika elimu ya hadithi kuna mlango mzima wa wapokezi ambao majina yao yanafanana lakini ni watu tofauti, na al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliandika kitabu kinachoitwa al-Muttafiq wal-Muftariq kuhusu jambo hilo hilo. Mfano unaojulikana ni Sufyan. Ukikuta katika isnadi "ametusimulia Sufyan" na hakuna zaidi, anaweza kuwa Sufyan ath-Thawri au Sufyan bin Uyayna, waliokutana katika zama na kushirikiana baadhi ya walimu na wanafunzi. Wanazuoni hawakuridhika na jina. Walitazama nani anapokea kutoka kwake na yeye anapokea kutoka kwa nani.

Upo pia mlango wa pili, wa majina yanayofanana kwa kuandikwa na kutofautiana kwa kutamkwa, kama Salam na Sallam katika Kiarabu kisichotiwa alama. Ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 385 Hijria (995), aliandika al-Mu'talif wal-Mukhtalif katika mlango huo. Na sisi tuna kinyume chake: Muhammad, Mohamed, Mohammed na Muhamadi ni jina moja la Kiarabu, lakini kwa equals ni manne. Usiiachie programu ikisie hapo. Muulize mwenye jina.

Basi tunayo maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Je, ni nakala moja katika kumbukumbu? Tumia ==. Je, herufi ni zilezile? Tumia equals, baada ya kusafisha. Je, ni mtu yuleyule? Hapa hakuna methodi. Unahitaji alama isiyoshirikiwa na watu wawili, na kwetu wanafunzi hiyo ni namba ya usajili ya chuo.

Nikabadilisha orodha iwe kwa namba za usajili, jina likabaki la kumsalimia mtu tu. Namba yenyewe ihifadhi kama stringi, si int, maana ukiigeuza "0417" kuwa int, sifuri ya mbele inapotea. Na kwa kuwa ni stringi, iulize kwa equals.

Mazoezi

Andika majibu kwenye karatasi kwanza, kisha endesha programu uone.

1. String a = "Khadija"; String c = "Kha" + "dija"; Je, a == c itatoa nini?
2. String d = "Kha"; String e = d + "dija"; Je, a == e itatoa nini? Na a.equals(e)?
3. Integer x = 127, y = 127; kisha Integer p = 128, q = 128; Chapisha x == y na p == q. Kwa nini majibu hayafanani?
4. Rekebisha sharti langu la isEmpty ili anayeandika nafasi tupu asipite.

Msaada kidogo. Katika la kwanza, kompaila inaunganisha vipande kabla programu haijaanza, hivyo matokeo yanakwenda ghalani: true. Katika la pili, kuunganisha kunafanyika wakati wa kuendesha: == ni false, equals ni true. La tatu ni ndugu wa somo letu: Integer yenye herufi kubwa ni kitu, na Java huweka ghalani zile za kuanzia -128 hadi 127, kwa hiyo tumia equals huko pia. La nne nakuachia. Ukishindwa, tuonane msikitini baada ya Alasiri.

Neno la mwisho

Leo ni orodha ya futari. Kesho baadhi yetu tutaandika programu za hospitali, za mishahara, za mitihani, na atakayeambiwa "Hayumo" atakuwa mgonjwa au yatima. Kazi ya aina hii ni amana, na tutaulizwa juu yake. Mtu akisimama mbele yako akasema nilijiandikisha, na mashine ikasema hapana, usimgeuzie kioo cha kompyuta kama nilivyofanya mimi. Mpishe, fungua daftari, kisha utafute kosa kwenye mistari yako. Daftari la katibu bado lipo mezani kila jioni, nami ndiye ninayelibeba.

Allah atunufaishe kwa tunachojifunza na atufundishe yatakayotunufaisha. Wabillahi tawfiq.